Wameniandikia "mega 10" kwa dola 50. Je, ninaibiwa?

Yaya, yambo sana.

Mimi ni mshonaji, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Tunapanga katika lupangu, yaani ua mmoja wa nyumba, yenye milango mitatu: Muzee mwenye lupangu na mama wa nyumba yake wako mbele, sisi tuko katikati, na nyuma kuna vijana wawili waliooana mwaka huu. Mume wangu anafanya kazi mgodini upande wa Kolwezi, anarudi kila baada ya wiki tatu. Watoto ni wanne. Mkubwa yuko mwaka wa pili chuo kikuu, mdogo ana miaka saba.

Shida yangu ni mega za intaneti ya simu. Kila asubuhi, kabla sijapika chai, nimeshatoa franka za mega. Nikinunua za siku, usiku zinafutika hata kama sikuzimaliza. Mkubwa anangoja nilale ili achukue simu yangu ashushe silabusi zake, nami nikiamka nakuta sifuri. Wateja wananitumia foto za mifano ya nguo, foto inazunguka tu, haifunguki, mteja anadhani nimemdharau na anakwenda kwa mwingine. Juzi mdogo aling'oka jino. Tangu jioni alikaa akingoja baba yake atoke kazini ili amwonyeshe pengo. Simu ya video ilipoingia akafungua mdomo wote, na hapo hapo picha ikaganda. Baba anasema, "Sioni kitu, mwana," na yeye amebaki mdomo wazi. Alilia mpaka usingizi ukamchukua.

Siku iliyofuata nikachukua daftari langu la vipimo, nikaanza kuandika ukurasa wa nyuma kila franka inayokwenda kwenye mega: zangu, za mkubwa, za binti yangu wa sekondari. Mwisho wa mwezi nilijumlisha, nikageuza katika dola. Zilikuwa 38. Sikuwahi kujua.

Basi akapita kijana wa kampuni moja ya intaneti, anagonga mlango kwa mlango. Ameniachia karatasi: "10 Mbps", dola 50 kwa mwezi, dola 100 za kuweka, na nikilipa miezi sita mara moja hizo 100 ananisamehe. Nikamwambia, mwanangu, mega 10 mkubwa wangu anazimaliza kabla chai haijapoa, wewe unataka dola 50? Akacheka, akasema si mega hizo. Nilipomuuliza ni mega gani basi, hakuweza kunieleza. Nikaona aibu mbele ya wateja waliokuwa wamekaa, nikamwacha aende.

Halafu nina woga. Mwaka jana nilimpa kijana mwingine dola 40 aniletee boksi ya intaneti. Sikumwona tena, na namba yake haipiti mpaka leo. Mume wangu alisema tuache, lakini sasa anasema, "Wewe ndiye unaijua nyumba, amua." Sitaki kuamua vibaya mara ya pili.

Na Muzee hataki ukuta wake utobolewe. Tena anasema kama intaneti inaingia katika lupangu yake, naye lazima aipate. Vijana wa nyuma wameshaniuliza nani atashika kode, yaani neno la siri la wifi. Na umeme wenyewe unajua ulivyo kwetu. Siku nyingine unakuja usiku tu. Nilipe siku thelathini nitumie kumi na tano?

Nichukue fibra, boksi, au ile antena ya juu ya nyumba? Na huyu Muzee, nimpe kode au nimnyime?

Mama Mshonaji, Katuba

*

Mama Mshonaji, yambo sana.

Karatasi haikuibii. Aliyekukosea ni kijana aliyeuza kitu asichoweza kukieleza, na aibu ile ilikuwa yake. Ulichouliza ndicho kila mtu wa kwetu angeuliza, maana miaka yote tumenunua mega kama tunavyonunua unga wa bukari: unapima, unatumia, unaisha. Tena neno ni lile lile.

Wewe ni mshonaji, kwa hiyo nitakueleza kwa kazi yako. Mega za simu ni yadi za kitenge. Una yadi sita, ukizikata zote, kitenge kimeisha. "Mega 10" za ile karatasi ni mwendo wa mashini yako ya kushona. Hazihesabu kitambaa, zinahesabu mashini inakwenda mbio kiasi gani kwa sekunde moja. Ndiyo maana imeandikwa Mbps (megabiti kwa sekunde) na si Mo (megabaiti) kama kwenye vifurushi vya simu. Kuna jambo jingine dogo ambalo wauzaji hawalisemi: mega hizi za mwendo ni ndogo mara 8 kuliko mega za simu. Kwa hiyo mwendo wa 10 unakushushia mega za simu 1.25 kwa sekunde. Giga moja nzima inashuka kwa dakika 13 na sekunde chache. Kitu ambacho mwanao anakesha nacho usiku kucha kitakwisha kabla sombe haijaiva.

Je, 10 zinatosha nyumba ya watu sita? Zinatosha. Filamu yenye picha safi sana inataka kama 5. Simu ya video ya baba watoto inatosheka na 1 au 2, na darasa la video la mkubwa halipiti 3. Hata vyote vitatu vikienda pamoja, 10 zinabeba. Lakini hapo nasema 10 za kweli, tena jioni, na hilo ndilo ningetaka uliweke moyoni kuliko jina la kampuni yoyote. Kampuni inachukua njia moja na kuigawa kwa nyumba nyingi. Saa nne asubuhi watu wako kazini na shuleni, njia ni nyeupe, kila mteja anaona 10 zake. Saa moja usiku wote wamerudi, wote wamefungua video, na ndiyo saa ambayo mume wako anatoka kazini. Mtoto wako hakung'oka jino saa nne asubuhi.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata franka moja, tafuta nyumba kwenye avenyi yenu au ya pili yake inayotumia kampuni ile ile. Wateja wako wanakaa pande zote, uliza. Nenda na mkubwa wako kati ya saa moja na saa tatu usiku, mwombe mwenyeji awape kode kwa dakika tano, msimame karibu na kifaa chake, mkubwa apime mwendo kwa simu. Zitatokea namba tatu. Ya kwanza ni ya kushusha. Ya pili ni ya kupandisha, na hiyo usiidharau, maana unapomtumia mteja foto za gauni lililokwisha, au baba anapoutazama mdomo wa mwanawe, ni kupandisha kunakofanya kazi. Ya tatu ni kuchelewa, inaandikwa kwa ms (milisekunde). Ikiwa chini ya 100, mtazungumza vizuri bila kukatana maneno. Kama pale waliahidiwa 10 na jioni mnaona 6 au 7, mimi ningeingia. Kama mnaona 1, mshukuru mwenyeji, rudi nyumbani, utakuwa umeokoa dola 150.

Sasa fibra, boksi au antena.

Fibra ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na ndani yake unapita mwanga. Kama inapita kwenye avenyi yenu, ichukue. Sababu yangu kubwa si mwendo wake, ni ule umeme unaokusumbua. Kwa kawaida, kati ya kituo cha kampuni na ukuta wako, uzi huo hauhitaji umeme hata kidogo. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, ikiwa Katuba nzima, mwanga bado unafika mpaka mlangoni kwako. Kinachozima ni kile kifaa kidogo cha ndani, na hicho kinakula kidogo mno, kama wati 15 hadi 20 pamoja na ruta, kile kinachotoa wifi. Batri ya volti 12 yenye Ah 20 (amp-saa), kama zile watu wanazofungia taa za sola, ina Wh 240 (wati-saa). Usiimalize yote, batri ya risasi inakufa mapema ukifanya hivyo. Tumia nusu, na hiyo nusu inakupa saa sita. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, hiyo ni saa sita usiku. Kwa hiyo hutalipa siku thelathini utumie kumi na tano, mradi batri iwepo siku ile ile ya kwanza. Waambie watu wa kampuni mapema kwamba unaitaka, na kabla ya kuunganisha, mtu asome kilichoandikwa chini ya kifaa: kuna vya volti 12 na kuna vya 9. Kifaa cha 9 kikipewa 12 kinaungua, na hawatakubadilishia.

Boksi ya 4G ni nzuri kwa mpangaji. Haitobolewi ukuta, ukihama unaibeba kwenye kikapu. Lakini inakunywa kwenye mnara ule ule ambao simu zote za mtaa zinakunywa, kwa hiyo saa moja usiku ndiyo saa yake mbaya. Na boksi nyingi bado zinauzwa kwa giga za mwezi. Hapo umerudi kwenye yadi za kitenge, ila kitenge ni kirefu kidogo. Saa moja ya video safi inaweza kula giga 3. Watoto wanne, Mama, hesabu mwenyewe.

Antena ya juu ya paa inataka kuuona mnara wa kampuni kwa macho, kitu kisisimame katikati. Kwetu Lubumbashi kinachosimama katikati ni mwembe. Shemeji yangu wa Ruashi walimwekea antena mwezi wa 8, kila kitu kikaenda vizuri. Mvua zilipoanza, kila ikinyesha intaneti inakwenda nayo. Alibadilisha ruta, aligombana na fundi, aligombana na watoto. Siku moja nilikaa naye barazani mvua imetoka kukatika, nikamwonyesha: antena ilikuwa inatazama pembeni mwa mwembe wa jirani, na tawi moja jipya, limejaa majani yanayochuruzika maji, lilikuwa limenyooka mbele yake kama mkono. Mawimbi yale hayapendi majani, na majani yenye maji ndiyo mabaya zaidi. Fundi alirefusha mlingoti mita mbili, na kesi ikaisha. Kwa hiyo ukichagua antena, usitazame miti ya leo. Tazama itakavyokuwa mwezi wa 1.

Najua utaulizwa pia kuhusu sahani ya satelaiti ya Starlink. ARPTC, yaani mamlaka inayosimamia simu na intaneti nchini, ilikuwa imeikataza mwezi wa 3 mwaka 2024, kisha mwezi wa 5 mwaka 2025 ikaipa leseni. Ni kitu chenye nguvu, lakini kwa lupangu yako ningeiacha nyuma: sahani ya kawaida inakula wati kama 75 hadi 100, ile batri yako ndogo haitaibeba jioni nzima. Na usinunue sahani inayouzwa mkono kwa mkono, iliyoandikishwa kwa jina la mtu wa nchi nyingine. Akaunti inafungwa akiwa huko, wewe unabaki na sahani ya kuanikia dagaa.

Nije kwenye pesa, maana ndipo uliumia.

Usilipe mlangoni. Hata huyu kijana awe mwaminifu kama padri, mwambie utakwenda mwenyewe ofisini kwao mjini. Nenda, uone mlango, uone watu wanaoingia kulalamika na namna wanavyojibiwa. Kaa pale nusu saa bila kusema kitu, utajua mengi. Ukilipa, lipa kwa simu kwenye namba ya biashara, na jina litakalotokea liwe la kampuni, lisiwe la mtu. Chukua risiti. Bei ikiwa ya dola na wewe unalipa franka, uliza wanahesabu dola kwa kiwango gani, maana kiwango chao na cha wale wanaobadilisha pesa barabarani mara nyingi havilingani, na tofauti hiyo utailipa kila mwezi.

Ile miezi sita, mimi siipendi. Ni dola 300 mikononi mwa watu ambao bado hujawaona kazini. Ukilipa mwezi mmoja na kuweka ni 150, na mambo yakiharibika umepoteza nusu. Lakini 100 nazo si kidogo, kwa hiyo jadiliana, usiogope, wewe ndiye mteja: waombe 50 siku ya kuweka na 50 baada ya wiki mbili kitu kikiwa kinakwenda. Mara nyingi wana nafasi ya kusogea ambayo hawaisemi mpaka waone unanyanyuka.

Mkataba utakuwa wa Kifaransa. Mkubwa wako yuko chuo kikuu, mpe kazi hii, asome polepole na wewe ukiwa karibu, na atafute maneno manne. "Jusqu'à" ikitangulia 10, maana yake ni "hadi 10", yaani inaweza kuwa chini. Waulize chini kabisa ni ngapi. "Illimité" ni bila kikomo, lakini mara nyingi ukurasa wa pili kuna "usage raisonnable", na hapo ndipo wamejificha: ukipita giga fulani, mwendo unapunguzwa mpaka mwezi mpya. Waulize giga ngapi, na unashuka mpaka ngapi. "Engagement" ni miezi ambayo huwezi kuondoka bila kulipa. Waulize pia kifaa ni chako au cha kwao, na ukihama Katuba ukaenda Kampemba au komini ya Kenya hapa hapa mjini, kuhamisha ni bei gani. Wewe ni mpangaji, swali hilo ni lako kabisa. Na kitu kikiharibika, fundi anakuja baada ya siku ngapi, na siku hizo unazilipa au hapana? Majibu yaandikwe. Yakibaki mdomoni, siku ya shida hakuna atakayeyakumbuka.

Nirudi kwenye daftari lako, kwa sababu kusema kweli ndilo lililonifurahisha katika barua yote. Watu wengi hulalamika miaka na hawajawahi kujumlisha. Una 38. Usijidanganye kwamba 38 zote zitaisha. Mkubwa akiwa shuleni atahitaji mega, wewe ukienda sokoni kutafuta vitenge utahitaji mega. Weka 10 kando. Kwa hiyo nyumba itatoa 60 mahali ilipotoa 38. Hizo 22 zinatoka wapi? Wateja walioondoka kwa sababu foto haikufunguka, hao ni pesa, lakini usiwahesabu kabla hawajarudi. Uliza kama wana mwendo wa 5 kwa bei ya chini. Kwa nyumba yenu peke yenu, 5 za kweli zinafaa. Kwa milango mitatu, hapana, chukua 10.

Siku ya kuweka, kuna mambo ya kusimamia kwa macho. Waya wa fibra usikunjwe kona kali kama pindo la suruali. Kioo ni kioo, mwanga unapotea au uzi unakatika ndani bila kuonekana nje. Upite juu kiasi kwamba lori la mchanga haliung'oi, na usipite juu ya mahali mnapochomea takataka. Ruta uiweke katikati ya nyumba, juu, wazi. Mama mdogo wangu wa Kampemba aliipenda ruta yake kama mgeni wa heshima: aliiweka ndani ya kabati la vioo, nyuma ya televisheni, akaifunika kitambaa cha kufuma chenye maua. Ilikuwa moto kama pasi, na chumbani kwa watoto hakikufika kitu. Tuliitoa kitambaa, tukaipandisha juu ya kabati la koridoni, na jioni ile ile watoto wakaacha kugombania kiti cha sebuleni. Utaona majina mawili ya wifi, moja la 2.4 na moja la 5. La 2.4 linapenya kuta vizuri zaidi, la 5 lina mbio lakini linachoka haraka. Mashini yako ikiwa chumba cha mbali, tumia la 2.4.

Mvua za radi zikianza, chomoa waya wa umeme ukutani. Uzi wa kioo wenyewe haupitishi radi, waya wa umeme ndio unaipitisha. Ukiwa na antena, chomoa na ule waya unaoshuka kutoka kwenye paa. Wafundishe watoto wote, kwa sababu radi haingoji wewe urudi sokoni. Na umeme wetu unaporudi, unarudi kwa kishindo. Acha dakika chache kabla ya kuchomeka.

Kuna siku kila kitu kitakuwa sawa hapo nyumbani na intaneti itakuwa inatambaa. Kabla ya kumgombeza mtoto, piga simu mtaa mwingine uulize. Intaneti yetu inatoka mbali: inashuka Kasumbalesa kupita Zambia, au inakwenda magharibi mpaka Muanda kwenye kebo ya bahari. Mwezi wa 8 mwaka 2023, maporomoko ya matope chini ya bahari, mbele ya mdomo wa mto Kongo, yalikata kebo mbili kubwa, WACS na SAT-3, na nchi nyingi zilisikia. Nilipolisoma nilifikiria kwamba maji ya Kafubu yetu nayo, kupitia Luapula na Lualaba, huishia kule kule. Siku kama hizo hakuna ruta ya kuzima na kuwasha itakayosaidia. Subiri, na kama zinapita siku nyingi, dai upunguziwe mwezi. Kampuni ikikunyamazia, lalamika kwa maandishi, weka nakala, na upeleke ARPTC.

Mwisho ni Muzee.

Mama, usimnyime. Si kwa sababu ukuta ni wake tu. Mnakula mvua moja, mtoto wako akianguka uani ni mke wake atakayemwinua kabla hujasikia. Lakini usimpe kode yako. Ruta nyingi zina mtandao wa pili, wa wageni, wenye jina lake na kode yake. Mwambie fundi aufungue kabla hajaondoka, auwekee mwendo wa 2 au 3, na akuonyeshe namna ya kubadilisha kode. Muzee na vijana wa nyuma watumie huo. Vijana wachangie kila tarehe ya kulipa, si baada yake, na kiasi mkubaliane mbele ya Muzee. Ila usigeuze kuwa duka la kuuza kode kwa mtaa: mikataba mingi inakataza kuuza tena, na wanaweza kukukatia. Waulize ofisini wazi wazi kama kugawana ndani ya lupangu moja kunaruhusiwa. Na kumbuka kwamba jina kwenye mkataba ni lako. Tangu mwezi wa 3 mwaka 2023 nchi ina Code du numérique, sheria inayoadhibu makosa ya mtandaoni, na kijana akirusha upuuzi kupitia laini yako, mlango wa kwanza kugongwa ni wako. Waambie hivyo kwa upole, siku ya kwanza, wote wakiwa wamekaa. Vijana wakihama, badilisha kode siku hiyo hiyo.

Kuhusu tundu, ni dogo, linaingiza kalamu tu. Mara nyingi uzi unaweza kupita pembeni mwa fremu ya dirisha, ukuta usiguswe kabisa. Mwandikie Muzee karatasi ndogo kwamba ukihama utaziba na kupaka rangi, mtie sahihi wote wawili. Na siku fundi anakuja, usifanye akiwa hayupo. Ngoja awepo, mwulize yeye uzi upite wapi, na yeye ndiye ashike ngazi.